Mteremko Upimwe, Usikadiriwe kwa Macho

Jina la Tabora lilienezwa na miguu ya wapagazi. Misafara ya Wanyamwezi ilibeba pembe na vitambaa kati ya Ujiji na Bagamoyo, na reli ilipofika mwaka 1912 mji ukabaki kuwa njia panda ya magharibi. Mji uliokuzwa na wasafiri hauna udhuru wa kumwacha raia nje ya mlango wa ofisi ya umma kwa kuwa anatumia kiti mwendo au magongo.

Sheria tunayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikatungwa mwaka 2010. Kinachokosekana ni ukaguzi wa kweli.

Nani hajaona zege lililomwagwa kando ya ngazi likaitwa njia ya viti mwendo? Tushike futi. Vidato vitatu vya sentimita 15 vinafanya kimo cha sentimita 45. Kwa kipimo kinachotumika sana duniani, sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, mteremko huo unahitaji sentimita 540. Fundi akiukatisha kwenye mita mbili, mwenye kiti hapandi mpaka asukumwe, na akishuka peke yake anahatarisha shingo yake. Hiyo ni saruji iliyopotea. Tena mteremko ukiwa sawa, bado kuna upana wa mlango, kizingiti, kimo cha kaunta na nafasi ya kugeuza kiti chooni.

Wajibu huu una wenyewe. Mhandisi wa halmashauri asipitishe mchoro, wala asipokee jengo, kabla vipimo hivyo havijaandikwa. Mkaguzi afuatane na mtumiaji wa kiti mwendo kutoka getini hadi chooni, na maoni ya mtumiaji huyo yaingie kwenye taarifa. Mkandarasi aliyekosea arekebishe kwa gharama yake kabla ya malipo ya mwisho. Majengo ya kale nayo, tangu yale ya Wajerumani mjini hadi tembe la Kwihara, yakaguliwe: mteremko wa mbao unaoondoleka hauharibu urithi.

Afisa anayesaini kupokea jengo ambalo mwananchi hawezi kuliingia hajatimiza kazi anayolipiwa mshahara. Awajibishwe yeye, kwa jina na cheo chake.