Kabla ya kununua pikapu ya mizigo, uliza namba ya difu

MNUNUZI wa pikapu ya mizigo huwa na maswali yake ya kawaida. Huuliza gari ni la mwaka gani, limetembea kilomita ngapi, injini ni ya dizeli au petroli, kisha huanza kuvutana na muuzaji kuhusu bei. Hufungua boneti, husikiliza mlio, hupiga tairi teke na kutoa malipo ya awali. Swali ambalo ni nadra kusikika ni hili: difu ya gari hili ni namba ngapi?

Ukimya huo una gharama yake. Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo, pikapu ni mtaji mkubwa kuliko karibu kila kitu alichonacho baada ya shamba na nyumba, na mara nyingi hununuliwa kwa mkopo. Gari likishindwa mlima likiwa na mzigo, nyanya hazisubiri, na marejesho ya mkopo nayo hayasubiri. Hapo ndipo lawama huanza kugawiwa: injini imechoka, dereva hajui gari, fundi aliweka klachi bandia. Ukweli ni kwamba katika hali nyingi kosa lilifanyika siku ya kununua, pale gari lilipochaguliwa bila kuangalia kazi litakayofanya.

Namba yenyewe ni nini

Ndani ya difu kuna gia mbili zinazoshikana. Moja ni pinioni, ndogo, inayozungushwa na propela. Nyingine ni krauni, kubwa, inayopeleka nguvu kwenye ekseli za magurudumu. Idadi ya meno ya krauni ikigawanywa kwa meno ya pinioni ndiyo namba ya difu. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 hutoa 4.10, yaani propela huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Pinioni ikiwa na meno 11, namba hushuka na kuwa 3.73.

Namba kubwa huipa gari nguvu ya kuvuta, lakini huifanya injini izunguke zaidi kwa mwendo uleule. Namba ndogo hupunguza mizunguko na kelele, lakini hupunguza nguvu kwenye gurudumu. Ni kama mtu anayepanda kilima na gunia kichwani. Akienda kwa hatua fupi hufika, ingawa hatua ni nyingi. Akienda kwa hatua ndefu huishia njiani.

Tofauti kati ya 3.73 na 4.10 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ni karibu asilimia 10 ya nguvu ya kuvuta katika kila gia. Kutoka 4.10 hadi 4.88 ni asilimia 19.

Chukua mfano wa pikapu yenye tairi za 7.50R16, ambazo mzingo wake ni kama mita 2.5. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 533 kwa dakika. Katika gia ya moja kwa moja, ambayo kwenye magari mengi ya gia tano ni ya nne, injini itazunguka kama mara 1,990 kwa dakika kwa difu ya 3.73, mara 2,190 kwa difu ya 4.10, na mara 2,600 kwa difu ya 4.88. Mlima ukishusha mwendo hadi kilomita 60, hesabu hiyo inakuwa takriban 1,490, 1,640 na 1,950.

Takwimu hizo zina maana kubwa kwa injini za dizeli zisizo na tabo, ambazo bado zinafanya kazi kubwa vijijini. Injini ya Toyota 1HZ ya lita 4.2, iliyofungwa kwenye pikapu nyingi za Land Cruiser, hufikia nguvu yake kubwa ya kuvuta kwenye mizunguko ipatayo 2,200. Kuiburuza kwenye mizunguko 1,490 huku ikiwa na mzigo mlimani ni kuinyima pumzi.

Mzigo unaelekea wapi?

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila mkoa wenye milima unahitaji difu ya aina moja. Jambo la kuangalia si mlima peke yake, bali gari linapanda likiwa na mzigo au likiwa tupu.

Mfanyabiashara wa mchele wa Kyela anapakia kwenye bonde la Ziwa Nyasa, kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 500 kutoka usawa wa bahari. Ili afike Mbeya, hupita Tukuyu na kuvuka milima ya Rungwe kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Yeye anapanda na mzigo, safari baada ya safari. Tena injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Maana yake ni kwamba anapofika juu kabisa, pale ambapo nguvu inahitajika, karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu ya injini yake imekwisha potea. Kwa mtu huyo difu ya 4.30 au zaidi si anasa.

Mfanyabiashara wa mboga wa Lushoto yuko katika hali tofauti. Yeye hupakia juu, karibu mita 1,400, akateremka kupitia Soni hadi Mombo, kisha akafuata lami ndefu kwenda Dar es Salaam. Anaporudi, mara nyingi gari ni tupu au limebeba mbolea na bidhaa za duka. Tatizo lake kubwa ni kushuka kuliko kupanda. Hapa pia difu ya namba kubwa husaidia, kwa kuwa gari likiwa kwenye gia ya chini injini hulizuia kwa nguvu zaidi na breki hazichemki. Lakini kwa kuwa sehemu kubwa ya safari yake ni lami isiyo na milima mikali, namba ya kati, kama 4.10, inaweza kumfaa. Jambo ambalo hakuna difu itakayomwokoa nalo ni dereva anayeteremka na frii ili kuokoa dizeli.

Wa tatu ni yule anayesafirisha mpunga au pamba kwenye tambarare za Shinyanga na Tabora. Huyu hana mlima wa kumtisha. Difu ya 4.88 itamfanya asikie injini ikilia kutwa nzima bila faida. Namba ya 3.73 au 3.90 inamtosha, mradi injini iwe na nguvu ya kutosha na barabara za shambani zisiwe za tope zito.

Hoja ya gia za chini

Wapo watakaosema kwamba gia za chini ziliwekwa kwa ajili ya milima, hivyo dereva abadili gia tu. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini ina mwisho. Chini ya gia ya kwanza hakuna gia nyingine kwa gari linalovuta magurudumu ya nyuma tu. Gari lenye mzigo likisimama mlimani kwa sababu ya lori lililoharibika mbele, ni lazima liondoke kwa gia hiyohiyo. Difu ikiwa ya namba ndogo, dereva hulazimika kuing'ang'aniza klachi nusu nusu hadi inuke harufu. Klachi inayoungua kabla ya wakati wake ni taarifa ya difu isiyolingana na kazi.

Kwa wenye magari ya magurudumu manne yanayovuta, gia nzito ya ziada ipo, lakini imekusudiwa tope, mchanga na mwendo wa polepole. Kuitumia kwenye lami kavu kwa safari nzima ni kuua mashine.

Uzoefu wa Marekani unatoa somo. Huko mnunuzi wa pikapu mpya ya kazi nzito huchagua namba ya difu wakati wa kuagiza. Ford kwa nyakati mbalimbali imetoa pikapu zake za Super Duty zikiwa na 3.31, 3.55, 3.73, 4.10 na 4.30, na Ram 3500 imetolewa na 3.42, 3.73 na 4.10. Gari lileule na injini ileile hupewa uzito tofauti wa tela kulingana na difu. Ni kweli kwamba mwaka 2020 General Motors ilishusha namba kwenye pikapu zake kubwa za dizeli kutoka 3.73 hadi 3.42, lakini iliweza kufanya hivyo kwa sababu ilizifunga giaboksi ya gia kumi badala ya sita. Pikapu ya gia tano za mkono haina akiba hiyo.

Hapa nchini wanunuzi wengi hununua gari lililokwisha tumika nje. Maana yake ni kwamba difu ilichaguliwa na mtu mwingine, kwa barabara zake na mzigo wake. Muuzaji ataapa kwamba gari linabeba chochote. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Atakayeupandisha mlima ni mnunuzi.

Kuijua namba bila kufungua difu

Kuipata namba hakuhitaji kipimo cha gharama. Kwenye magari ya Toyota, kibao cha chuma kilichoko chini ya boneti huwa na alama ya giaboksi na ekseli, na muuza vipuri mwenye kitabu anaweza kuitafsiri. Lakini difu inaweza kuwa imebadilishwa, hivyo kuhesabu ni bora zaidi.

Fundi huzuia magurudumu ya mbele kwa mawe, huinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuweka stendi imara, kisha huweka giaboksi frii. Huchora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Kwa difu ya kawaida isiyo na kifungio, gurudumu moja likizungushwa mara mbili huku lingine likiwa limesimama, mizunguko ya propela ndiyo namba ya difu. Ili kupata jibu sahihi zaidi, gurudumu huzungushwa mara 20 na jumla ya mizunguko ya propela hugawanywa kwa 10. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu.

Tairi nazo zichunguzwe. Kijana anayefunga tairi kubwa ili gari lipendeze anabadili difu bila kujua. Tairi ya kipenyo cha sentimita 80 ikibadilishwa na ya sentimita 84, difu ya 4.10 hufanya kazi kama ya 3.90. Zaidi ya hapo, spidomita husoma pungufu, na dereva anayedhani yuko kilomita 80 hukutwa na tochi akiwa 84.

Gharama na mipaka

Aliyekwisha nunua gari lisilofaa anaweza kubadili krauni na pinioni, lakini asiingie kichwakichwa. Viwili hivyo huuzwa na kufungwa kama jozi, na huhitaji fundi anayejua kupima nafasi kati ya meno. Difu iliyofungwa kwa kukisia huanza kulia na kufa mapema. Kwa gari la magurudumu manne yanayovuta, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe za namba moja, la sivyo zitapigana na kuvunjana.

Kuhusu dizeli, kila mtu apige hesabu yake. Mathalani, gari linalotumia lita 14 kwa kilomita 100 likiongeza matumizi kwa asilimia 5 kutokana na difu ya namba kubwa, kwa kilomita 20,000 za mwaka litaongeza lita 140. Fedha hiyo ilinganishwe na bei ya klachi, siku za gari kulala gereji na matenga ya nyanya yaliyooza njiani. Kwa mtu wa Kyela jibu litakuwa moja, na kwa mtu wa Tabora litakuwa jingine.

Ikumbukwe pia kwamba difu haiongezi tani. Springi, breki, chesisi na tairi zinabaki zilezile. Gunia la lumbesa linalohesabiwa kama moja huwa na uzito unaozidi gunia halali, hivyo mwenye gari ahesabu kilo, asihesabu magunia. Pikapu inayopanda kwa urahisi huku imezidishiwa mzigo ndiyo hatari zaidi wakati wa kushuka.

Vyama vya ushirika na vikundi vinavyonunua gari la pamoja vinapaswa kuiandika namba ya difu kwenye mahitaji yao, sawa na vinavyoandika ukubwa wa injini. Wanaotoa mikopo nao wana sababu ya kuiuliza, kwa kuwa gari lisiloweza kupandisha mzigo halitarejesha deni. Na mkulima anayekwenda kutazama gari akiwa peke yake abebe chaki mfukoni. Muuzaji anayekataa gurudumu lisiinuliwe na kuhesabiwa amekwisha toa jibu.