KANGA ZETU ZAPIMWA ARUSHA



Chini ya Mlima Meru, katika mji wa Arusha, ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huko ndiko ilikotiwa saini Itifaki ya Umoja wa Forodha tarehe 2 Machi 2004, na tangu 1 Januari 2005 kitabu kimoja cha ushuru chahukumu shehena ziingiazo kutoka nje, zikishushwa Mombasa, Dar es Salaam au hapa kwetu Malindi. Wako wasemao kwamba kitabu hicho ni kazi ya makarani, hakimhusu mnyonge. Sisi twasema chamhusu mpaka kiunoni, kwani bei ya kanga anayojifunga mama yetu huanzia humo.

Na tukifungue. Nguo iliyofumwa kwa nyuzi za mchanganyiko huhesabiwa kuwa ya uzi ule uliozidi kwa uzani. Poliesta ikizidi pamba, nguo hutoka katika mlango wa pamba. Pamba ikizidi, hubaki humo, lakini upo mpaka wa 85 kwa mia. Ikifika hapo huandikwa katika kifungu 5208 au 5209. Ikipungua, na iliyochanganywa nayo khasa ni nyuzi za kiwandani, huandikwa 5210 ikiwa haizidi gramu 200 kwa mita ya mraba, na 5211 ikizidi. Haya yote mizani na maabara huweza kuyapima, wala hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni huu. Ndani ya vifungu hivyo, kitabu cha 2005 kilichagua majina matatu: khanga, kikoi na kitenge. Vitambaa vingine vya pamba vilitozwa 25 kwa mia. Hivi vitatu vilitiwa katika orodha ya bidhaa nyeti, vikatozwa 50.

Kanga ni nini basi? Sisi tuliozaliwa ndani yake twajua: ina pindo, ina mji, ina jina. Lakini kitambaa cha maua chenye pindo pande mbili, kisicho jina, ni kanga au si kanga? Mizani haijibu, na maabara haijibu. Ajibuye ni ofisa aliyesimama gatini. Kwa shehena ya shilingi 10,000,000, akisema "kitambaa", ushuru ulikuwa 2,500,000. Akisema "kanga", ulikuwa 5,000,000. Je, ni haki shilingi 2,500,000 zining'inie katika ulimi wa mtu mmoja? Hatumtuhumu ofisa yeyote. Twautuhumu mlango ulioachwa wazi, maana mlango wazi humwita mwizi na kumtia fitina hata mwema.

Tutaambiwa kwamba ushuru huu ni ngao ya viwanda. Ngao hatuikatai. Wafumaji wa Arusha, waliofanya kazi miaka mingi katika mitambo ya Sunflag, ni ndugu zetu, na wakulima wa pamba wa Shinyanga na Simiyu vile vile. Tena visiwa hivi vyakumbuka hali ya kukosa ngao: mkataba wa 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani ulifunga ushuru wa bidhaa zao katika 5 kwa mia, na nguo yao ikaenea pwani na bara hata ikaitwa merikani mpaka leo.

Lakini ngao isiyojulikana mwisho wake humkinga mjanja na kumwacha mnyonge. Tajiri ana wakala wa forodha na wakili wa kumtetea. Mwenye duka dogo Darajani ana nani? Na sehemu kubwa ya pamba ya mkulima yaendelea kutoka nchini ikiwa marobota. Twauliza: miaka ishirini ya ngao imemvika nani?

Wala jambo hili halikupungua. Tarehe 1 Julai 2022 iliongezwa ngazi ya nne ya ushuru, ya 35 kwa mia, na pamba na nguo zikatajwa humo. Kila mwaka baada ya bajeti, Gazeti la Jumuiya hutangaza nchi zilizoruhusiwa kuacha kiwango cha pamoja kwa muda. Ngazi zikizidi, jina la nguo nalo lazidi thamani.

Na Zanzibar i wapi? Forodha ni jambo la Muungano, na mwanachama wa Jumuiya ni Jamhuri ya Muungano. Nguo iliyolelewa pwani hii yahukumiwa katika meza ambayo sisi hatuna kiti chetu wenyewe. Wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, maana ya kanga, kikoi na kitenge iandikwe wazi: pindo, mji, jina, vipimo na uzi. Pili, kila hukumu juu ya kifungu cha nguo itolewe kwa maandishi na kubandikwa hadharani, kwa Kiswahili, lugha ambayo wakuu wa nchi waliikubali mwaka 2021 kuwa rasmi katika Jumuiya. Tatu, yanapozungumzwa mavazi ya pwani huko Arusha, Wazanzibari waketi na wasikilizwe.

Hatuombi kusamehewa ushuru. Twataka kuujua kabla ya kuulipa. Wanachama, lisomeni jambo hili katika matawi, na mwulizeni kila mwakilishi wenu: kanga ni nini, na nani aliyekupa idhini ya kunyamaza?