Kupanda Mlima Si Anasa

Katika shule za Mkoa wa Ruvuma, mwanafunzi akiulizwa mto uliolipa jina mkoa wake unaanzia wapi, hujibu bila kusita: Milima ya Matogoro, Songea. Jibu ni sahihi, na alama hupewa. Akiulizwa kama amewahi kufika huko, hunyamaza. Na mara nyingi mwalimu aliyemfundisha hana la kumsaidia, maana naye aliukariri mto huo kutoka katika kitabu kilekile. Ajabu ya jambo hili huonekana zaidi mahali kama Hanga. Tangu kuundwa kwa Wilaya ya Namtumbo mwaka 2002 Hanga haihesabiwi tena ndani ya Wilaya ya Songea, lakini wakazi wake wangali wakienda Songea mjini kwa mahitaji yao: hospitali, benki, vipuri na ofisi za mkoa. Wanaifikia milima hiyo kwa macho kila waendapo mjini. Kwa miguu hawaifikii.

Umaskini peke yake hautoshi kuieleza hali hii, kwa kuwa nauli imekwisha kulipwa na safari imekwisha kufanywa. Ipo kasumba ya siku nyingi kwamba mlima hupandwa na mgeni mwenye viatu maalumu, na kazi ya mwananchi ni kumbebea mizigo. Mlima Kilimanjaro umeikomaza kasumba hiyo pasipo kukusudia. Kilele chenye urefu wa mita 5,895 hudai siku kadhaa, wapagazi, na fedha ambazo mtumishi wa umma wa daraja la kati hawezi kuziweka kando bila kuwakosesha watoto karo. Hapana ubishi juu ya heshima ya mlima huo. Taifa halisahau kwamba katika kupata Uhuru mwezi Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge juu yake. Hata hivyo, raia hawezi kujenga mazoea ya kuijua nchi yake kwa mlima ambao huenda asiupande maishani.

Yafaa katika jambo hili kuwatazama Wajapani. Wao pia wanao mlima wao mkuu, Fuji, wenye mita 3,776, ambao picha yake imezagaa duniani kote. Lakini familia ya kawaida ya Tokyo ikitaka kupanda mlima siku ya mapumziko huenda Takao, wenye mita 599 tu. Watu huingia treni katika stesheni ya Shinjuku, katikati ya jiji, wakiwa na chakula chao mkobani, na baada ya muda upatao dakika 50 hushukia Takaosanguchi, stesheni iliyofunguliwa mwaka 1967 miguuni mwa mlima. Njia za kupandia zimepewa namba. Kwenye njia panda kuna kibao. Wazee wenye mikongojo na watoto wa shule za awali hukutana njiani wakisalimiana, na asiyejiweza hupanda gari la kamba. Kwa mwaka mmoja hupita huko watu zaidi ya milioni 2, na wengi wao jioni hiyohiyo huwa wamekwisha rudi makwao.

Hakuna anayedai kwamba Songea ingojee treni ya namna hiyo. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa nchi mbili mwaka 1976, inapita mbali, Makambako, na msafiri wa Songea huishukia huko na kuendelea kwa basi. Kilichoufanya Takao kuwa mlima wa watu ni kitu kidogo kuliko reli: mtu asiyejua lolote kuhusu milima huambiwa mapema gari lipi apande, ashukie wapi, njia ipi ni nyepesi, na atarudi saa ngapi. Hata jirani hapa Kenya, mkazi wa Nairobi anayetaka kutembea juu ya Vilima vya Ngong hupanda matatu, na safari yake huanzia hapo.

Sasa Matogoro ikoje? Kwa mtu wa Hanga, safari ni ya siku moja. Gari la alfajiri humfikisha Songea asubuhi. Milima yenyewe iko pembeni mwa mji, wala haihitaji safari nyingine ndefu. Daladala, bajaji au bodaboda humfikisha miguuni pake, ambako kipo Chuo cha Ualimu cha Matogoro. Mji wa Songea umo tayari kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hivyo apandaye haanzii bondeni. Njia ni ya kutembea kwa miguu, haina kamba wala barafu. Miezi ya kufaa ni ile ya kiangazi, kuanzia mvua zinapokatika. Mwezi Juni na Julai baridi ni kali na sweta si pambo. Mvua za masika zikishika, udongo huteleza na mwalimu mwenye busara hawapeleki watoto. Na kwa kuwa sehemu za milima hiyo ni hifadhi ya misitu, kiongozi wa msafara hupita kwanza katika ofisi ya misitu kutoa taarifa na kuomba ruhusa.

Atakachokikuta huko hakina fahari ya picha za kalenda. Ni msitu, ni majani, ni maji yanayotoka ardhini. Lakini maji hayo ndiyo Ruvuma, mto unaosafiri karibu kilomita 800, ukawa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, ukapita chini ya Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010, hadi Bahari ya Hindi upande wa Mtwara. Mwalimu wa jiografia anayeweza kumsimamisha mtoto hapo hahitaji kuchora mshale ubaoni. Saa zikibaki, Songea mjini kuna kilima cha Chandamali, kinachotajwa kuwa maficho ya Nduna Songea Mbano wakati wa Vita vya Majimaji, na kuna Makumbusho ya Majimaji, mahali wanapokumbukwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari, 1906. Jiografia na historia kwa nauli moja.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matembezi ya watu wasio na kazi. Ukweli ni kwamba Matogoro hupandwa wakati wote, na wanaoipanda ni watu wenye kazi: akina mama wa kuni, warina asali, na yule anayetafuta kipande kipya cha kulima. Hao wanaijua milima kuliko ofisa anayeiandikia taarifa akiwa mezani. Na hapo ndipo penye hatari. Mwisho wa kiangazi moto huwashwa na kuachwa upande mlima wenyewe. Shamba husogea hatua kwa hatua kuelekea kwenye chemchemi. Mji unaonywa maji ya vyanzo vilivyoko katika milima hiyo hupata habari bomba linapokauka. Amri za kulinda vyanzo vya maji zimetolewa mara nyingi, nazo ni za haki, lakini amri hulindwa na watu wanaokijua kile wanachokatazwa kukiharibu. Mtoto aliyekunywa maji ya chemchemi kwa kiganja chake atauliza maswali siku atakapoona moshi juu ya Matogoro. Aliyekariri jina tu ataendelea na shughuli zake.

Lawama haiwaangukii walimu peke yao. Mwalimu mkuu anayetaka kuwapeleka wanafunzi 40 hujikuta akiuliza huku na huko: njia inaanzia wapi, ni saa ngapi kupanda na kushuka, nani anayeongoza, kibali hutolewa na nani. Akikosa majibu huahirisha, na ziara ya masomo hugeuka kuwa safari ya gharama kubwa kwenda mbuga ya mbali, ambayo huenda watoto wachache wenye wazazi wa kulipa. Idara za elimu, misitu na utamaduni za mkoa zinaweza kukaa pamoja asubuhi moja na kuyaandika majibu hayo kwenye karatasi moja, ikasambazwa mashuleni na ofisini.

Kisha ipigwe misumari michache. Kibao kimoja pale daladala zinaposhushia abiria, kingine mahali njia inapoanzia, na vingine kwenye kila njia panda hadi chemchemini, chenye mshale, umbali na muda wa kutembea kwa mwendo wa mtoto. Mbao zipo Ruvuma, na vijana wanaofundishwa useremala Hanga wanaweza kuzikata na kuziandika kabla mvua za Desemba hazijaanza.