MAGUNIA YAHESABIWA, WATOTO JE?

Kila mwezi wa Juni Wananchi hukaa karibu na redio kusikiliza Bajeti ikisomwa Bungeni. Huambiwa Pato la Taifa limekua kwa kiasi gani, kisha ushuru wa petroli, kisha bia na sigara. Mkulima wa Mufindi naye husikiliza. Asikia kwamba Taifa limekua. Akigeuka kumtazama mwanawe wa miaka mitatu aliyesimama mlangoni, aona kwamba mtoto hakukua.

Hatusemi hivyo kwa mzaha. Utafiti wa Serikali yenyewe juu ya afya ya uzazi na mtoto, uliofanywa mwaka 2022, ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa watoto kama 57 katika kila mia walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Njombe na Rukwa ni kama 50 katika kila mia. Kwa nchi nzima ni 30. Na Dar es Salaam, mji unaokula mahindi ya mikoa hiyo, hawafiki 20.

Msomaji asidhani tumekosea kuandika majina. Iringa, Njombe na Rukwa si mikoa ya njaa. Ndiyo maghala yetu. Wakati wa mavuno malori hushuka kutoka huko usiku na mchana yakiwa yamejaa mahindi, viazi na maharage, na katika taarifa za kilimo mikoa hiyo husifiwa kuliko mingine. Basi mkoa ulio wa mbele kwa tani za chakula ndio huo huo ulio wa nyuma kwa kimo cha watoto. Je, ni kipimo kipi kati ya hivi viwili kinachosema kweli juu ya maendeleo ya mkoa? Vyote viwili ni kweli. Lakini kimoja husomwa Bungeni kwa sauti kubwa, na cha pili hulala ndani ya kitabu kinene ambacho wachache wamekifungua.

Wako watakaosema ati watu wa nyanda za juu ni wafupi kwa asili yao. Maneno hayo hayana msingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vyake mwaka 2006 baada ya kuwafuata watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na likaona kwamba mtoto mdogo akilishwa na kutunzwa vema hukua karibu sawa na mwenzake, awe wa Accra, awe wa Muscat, awe wa Oslo. Kinachomfupisha ni chakula, maradhi na matunzo, na humfupisha mapema, tangu mimba hadi anapofikisha miaka miwili. Kimo kilichopotea katika siku hizo elfu moja ni shida kukirudisha. Tena si kimo peke yake: akili yake shuleni na nguvu zake za kazi hupungua pamoja nacho.

Sababu yenyewe mama wa kijijini aijua, hata kama hakuulizwa. Huondoka alfajiri kwenda shambani. Wakati wa palizi hurudi jioni, na kuni kichwani. Mtoto amebaki na dada yake wa miaka minane na bakuli la uji mweupe, uji wa asubuhi na wa jioni, basi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi yake. Ataka kula mara nne au tano kwa siku, tena apate kitu cha kumjenga. Mayai yamekwenda gulioni. Maharage yamekwenda na lori. Maziwa, kama yapo, yameuzwa ili kulipia mbolea. Na huyo mkulima husifiwa kuwa mkulima bora, maana ameuza!

Hapa ndipo hesabu ya Pato la Taifa inapotudanganya, si kwa kusema uongo bali kwa kunyamaza. Gunia likipanda lori laingia katika hesabu. Mama akikaa nyumbani kumnyonyesha mwanawe na kumpikia uji wenye karanga, hesabu humwona kana kwamba amelala. Mtoto akiugua, akapelekwa hospitali, dawa zikanunuliwa, Pato limeongezeka! Bwana Simon Kuznets, mtaalamu aliyewatengenezea Wamarekani hesabu ya namna hiyo mwaka 1934, aliwaonya Wabunge wao papo hapo kwamba hali njema ya watu haiwezi kusomwa katika hesabu ile. Dunia ikachukua hesabu, ikaacha onyo.

Nasi tuliichukua hivyo hivyo. Baina ya mwaka 2011/12 na 2017/18 uchumi wetu ulikua kwa kiasi cha 6 au 7 kwa mia karibu kila mwaka. Katika muda huo huo watu walio chini ya mstari wa umaskini walipungua kutoka 28.2 hadi 26.4 kwa mia. Ukuaji ulikuwapo, wala hatuukatai. Twauliza tu ulikwenda kwa nani.

Wenzetu wengine walikwisha kulitambua jambo hili. Mwaka 1990 Bwana Mahbub ul Haq wa Pakistan, akisaidiana na Bwana Amartya Sen wa India, alianzisha katika Umoja wa Mataifa kipimo kinachotazama maisha marefu, elimu na kipato kwa pamoja. Nchi ya Bhutan imekwenda mbali zaidi, nayo hupima furaha ya raia wake. Sisi kwa upande wetu hatuombi kupimiwa furaha. Mswahili hucheka hata akiwa na njaa, na mpimaji angerudi na habari njema za uongo. Tupimiwe watoto.

Tena jambo hili si geni kwetu, wala halikuletwa na wageni wa juzi. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe katika mkoa wa Iringa, wakati huo Njombe ikiwa ndani yake, ukiendeshwa na Serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za Italia. Katika vijiji 168 watoto walipimwa uzito mara kwa mara hapo hapo kijijini, mzani umening'inizwa mahali pa wazi, na wazazi wote wakiona. Hesabu haikupelekwa mjini ikalale. Ilisomwa mbele ya wanakijiji, nao wakaulizana: kwa nini huyu amepungua? Mama yake afanyiwe nini? Nani atawalinda na kuwalisha watoto wakati wa palizi? Katika muda wa miaka michache watoto waliodhoofika kabisa walipungua sana katika vijiji vile. Hicho ndicho kipimo chenye faida: kinachosomwa na yule anayepimwa, na kinachomtia mtu kazini kesho yake.

Leo iko Mikataba ya Lishe. Wakuu wa Mikoa walitia sahihi wa kwanza mwezi wa Desemba 2017, na mwingine mwaka 2022, na kila Halmashauri ilitakiwa itenge shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Twaunga mkono. Lakini shilingi 1,000 ni bei ya soda na andazi. Ikiwa Halmashauri yoyote yashindwa kuzitoa, au yaziandika katika makisio kisha haizitoi, Madiwani wake waeleze ni posho gani iliyokuwa na haraka kuliko mtoto.

Kuna hatari moja ambayo hatuna budi kuitaja. Cheo cha afisa kikitundikwa juu ya namba, namba hupikwa. Mpimaji atainua kisigino cha mtoto kidogo, atapunguza miezi miwili ya umri wake, na mkoa utakuwa umepona katika karatasi. Kwa hiyo Mkuu wa Wilaya asiadhibiwe kwa sababu namba yake ni mbaya. Aulizwe alifanya nini baada ya kuiona. Na ruhusa ya kuhakikisha hesabu lazima iwe ya watu wote. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa ikawa hatari kwa mtu kutangaza hesabu zinazopingana na zile za Serikali. Mwaka 2019 ikalegezwa, na ilifaa ilegezwe. Mzani wa dukani hukaguliwa. Mzani wa Taifa nao ukaguliwe, na vyuo, na magazeti, na mama mwenye kadi ya kliniki mkononi.

Twataka basi siku ya hali ya uchumi Waziri asome kimo cha watoto, mkoa kwa mkoa, katika ukurasa ule ule wa Pato la Taifa, na kila Wizara ieleze ilifanya nini juu yake. Wizara ya Kilimo ikisema imeongeza tani katika Rukwa, iseme pia kazi ya mama wa Rukwa imepungua kwa saa ngapi. Wizara ya Maji iseme, na ya Elimu. Huko vijijini mkutano mkuu usifungwe kabla hesabu ya watoto haijasomwa. Wasomaji wetu wa Mufindi, Makete na Sumbawanga watuandikie: katika mkutano wenu wa mwisho mlisomewa nini, idadi ya watoto waliodumaa, au michango ya ujenzi tu?

Barua zitakazotufikia tutazichapa hapa kabla ya Juni, ili Waheshimiwa Wabunge wa mikoa ile wazisome wakiwa njiani kwenda Dodoma.