Wingi wa Watu Si Hoja

Mtoto wa darasa la sita anaweza kukokotoa wastani wa namba kumi bila ya kukosea, na mwalimu akampa alama zote. Lakini mwulize namba hizo zimetoka wapi, ni nani waliopimwa na ni nani walioachwa, atanyamaza. Hatumlaumu, kwani swali hilo hajapata kuulizwa.

Madhara ya kutouliza si madogo. Mwaka 1936, huko Marekani, jarida la Literary Digest lilipeleka kadi zipatazo milioni 10 ili kujua nani angechaguliwa kuwa Rais. Zilirejea zaidi ya milioni 2, na jarida likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda. Kura zilipohesabiwa, Franklin Roosevelt alipata takriban asilimia 61, na Landon akaambulia majimbo mawili tu. Kumbe majina mengi yalichukuliwa katika orodha za wenye simu na wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki mwenye simu hakuwa mwakilishi wa mwenye njaa. Tena, wengi wa walioulizwa hawakujibu kabisa. George Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi wa kweli, wala hakupiga ramli.

Je, mtoto hufundishwaje jambo hili? Watafiti wa elimu wa Marekani, Richard Lehrer na Leona Schauble, wameonesha njia wakishirikiana na walimu. Wanafunzi wa shule ya msingi walipanda mimea inayokua upesi, wakaipima urefu, kisha wakaachiwa wabuni wenyewe michoro ya vipimo vyao. Wakajadiliana: mchoro upi unaonesha mimea mingi imefikia wapi, na upi unaficha? Ndipo likaja swali zito: tukipanda tena, tutapata nini?

Hapo mtoto huanza kuelewa kwamba fungu alilolipima ni sehemu tu ya yale yanayowezekana, na kwamba fungu dogo huyumba kuliko kubwa. Ama fungu lililochaguliwa vibaya, ukubwa hauliponyi.

Wapo watakaosema mtaala umejaa na vifaa hakuna. La mtaala tunalikubali. La vifaa, hapana. Rula moja yatosha: watoto thelathini wapime urefu wa ubao ule ule, kila mmoja peke yake, na waandike. Vipimo vitatofautiana. Mwalimu asiharakishe kutaja kilicho sahihi; awaulize kwanza kwa nini vimetofautiana, na darasa la jirani lingepata vipi.