Kabla ya kiwanja, ulizia maji

Mhariri,

Wengi wanaohama Dar es Salaam na familia huulizia kwanza bei ya kiwanja. Mimi nasema ulizia maji, tena Oktoba, mvua zikiwa bado. Sisi tuliiacha Lushoto tukachagua Makambako. Lushoto kuzuri mno, lakini mgonjwa akipewa rufaa usiku, lazima mteremke kona zote zile za mlimani hadi Mombo. Makambako pana vumbi, na Julai watoto huenda shule na sweta mbili. Ila barabara ya Songea inaachana hapa na ile ya Mbeya, na reli ya TAZARA inapita. Dalali alituonyesha viwanja tu. Habari ya bomba kutoa kwa zamu tuliipata kwa mama ntilie wa stendi, tukisubiri chapati.

Mzazi, Makambako