Kutoka sumaku ya kiwandani hadi ncha ya almasi
Katika viwanda vya chai vya Kericho na Bomet, majani mabichi hukatwa kati ya rola mbili zenye meno, moja ikizunguka kwa kasi ya mara 10 hivi ya mwenzake. Meno hayo hulika, na chembe za chuma huingia kwenye chai. Kwa hiyo chai kavu hupitishwa chini ya sumaku kabla ya kufungwa. Sumaku ikifutwa, kitambaa hubaki na vumbi jeusi.

Sumaku hiyo hunasa chuma tu. Haionyeshi usumaku ulivyopangika ndani ya chembe moja. Kazi hiyo hufanywa na almasi ambayo atomu yake moja ya kaboni imebadilishwa na naitrojeni, na nafasi iliyo jirani ikaachwa tupu. Ikimulikwa kwa leza ya kijani, kasoro hiyo hung'aa wekundu. Mng'ao hufifia maikrowevu zikifikia gigahezi 2.87 hivi, na uga wa sumaku huyasogeza masafa hayo. Ncha ya almasi ikipitishwa juu ya sampuli, huchora ramani yenye undani wa makumi ya nanomita, ndogo kuliko upana wa unywele kwa zaidi ya mara 1,000.